Maisha ya Dakta Aggrey na Mitindo Mitatu ya Uongozi

Mwalimu anayehitimu chuoni amefunzwa namna ya kusema na watoto. Ni mara chache kufunzwa namna ya kusema na mwalimu mkuu, wazazi na wazee wa kijiji ambacho desturi zake si za kwao. Kwa sababu hiyo yafaa tuyatazame maisha ya James Emman Kwegyir Aggrey, mwalimu wa Kiafrika ambaye jina lake limepewa mtaa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Aggrey alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Anomabo, pwani ya Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa chifu, cheo ambacho Waakan hukiita okyeame. Katika baraza la Waakan raia hasemi na chifu moja kwa moja. Maneno yake hupitia kinywani mwa okyeame, na jibu hurudi kwa njia iyo hiyo. Msemaji hulainisha neno kali na kufafanua lililofumbwa. Neno likiharibika, lawama humwangukia yeye, na heshima ya chifu hubaki. Huo ndio mtindo wa kwanza wa uongozi uliomlea Aggrey.

Baada ya kusoma na kufundisha katika shule za misheni huko Cape Coast, alikwenda Marekani mwaka 1898. Alihitimu katika Chuo cha Livingstone, North Carolina, mwaka 1902, akafundisha hapo kwa miaka mingi. Aidha, alikuwa mchungaji katika kanisa la Wamarekani weusi. Katika makanisa hayo mhubiri huwakabili watu uso kwa uso, nao humwitikia kwa sauti. Asipoitikiwa hutambua kwamba neno lake halijaingia. Huo ukawa mtindo wa pili.

Mwaka 1920, na tena mwaka 1924, Aggrey alizunguka Afrika pamoja na tume za elimu za Phelps-Stokes. Safari ya pili ilifika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kisha akawa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa Chuo cha Achimota, karibu na Accra, chini ya mkuu wa chuo A. G. Fraser. Hapo alifanya kazi ndani ya mtindo wa tatu, ule wa serikali ya kikoloni, ambamo agizo huandikwa juu na kushuka ngazi kwa ngazi, na aliye chini hujibu kwa maandishi.

Aggrey aliitumia mitindo yote mitatu. Kama baba yake, alipeleka maneno ya upande mmoja kwa upande wa pili. Alifundisha kwamba kinanda hakitoi muziki kamili kwa vitufe vyeupe peke yake wala vyeusi peke yake, na nembo ya Achimota ilichorwa kwa mfano huo. Hata hivyo, si wote walioridhika. Kwame Nkrumah, aliyekuwa akisomea ualimu na aliyempenda sana Aggrey, aliona kwamba mapatano ya aina hiyo hayawezekani mpaka mweusi ahesabiwe sawa na mweupe. Aggrey alifariki New York tarehe 30 Julai 1927, na swali hilo akawaachia vijana.

Miaka mingi baadaye wataalamu walitunga vielelezo vya kulinganisha tabia hizi. Mwaka 1976 Edward T. Hall wa Marekani alitofautisha jamii ambazo maana hubebwa zaidi na mazingira na uhusiano wa wasemaji, na zile ambazo maana huwekwa wazi katika maneno yenyewe. Mwaka 1980 Geert Hofstede wa Uholanzi alilinganisha wafanyakazi wa kampuni moja katika nchi 40, akapima, pamoja na mengine, kiasi ambacho watu hukubali tofauti ya madaraka. Vielelezo hivyo vyafaa, lakini huelekea kulitia taifa zima katika fungu moja. Maisha ya Aggrey yaonyesha kwamba mtu mmoja aweza kubeba mitindo kadhaa na kuchagua ule unaofaa. Naye Nkrumah atukumbusha kwamba ufundi wa kusema hauwezi kushika mahali pa haki.

Hivyo basi, mwalimu mgeni hana budi kuchunguza mambo matatu kabla hajatoa shauri lolote: nani husema kwanza, neno hupitia kwa nani, na asiyekubali huonyeshaje kutokubali kwake. Darasani, wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kuigiza mkutano mmoja wa usafi wa shule kwa namna tatu: kwa msemaji, kwa kuitikiana, na kwa agizo la maandishi. Mwishoni mwalimu awaulize ni nani ambaye sauti yake haikusikika katika kila namna. Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe.