Makhan Singh, mpiga chapa aliyelinganisha mishahara ya Afrika Mashariki

Fundi mwashi wa Gashonga anayeitwa kazini Bukavu hupiga hesabu mara mbili kabla ya kubeba pima na mwiko wake. Kwanza hulinganisha ujira wa siku wa ng'ambo na ule wa Kamembe. Kisha hutoa nauli, chakula, pa kulala na kile kinachobaki mkononi mwa mbadilisha fedha. Mara nyingine ujira mkubwa hugeuka kuwa mdogo kabla hajafika darajani. Wafanyabiashara wanaovuka Rusizi kila wiki wanaijua hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa ndiyo ile ile ya gunia la maharage.

Mtu aliyeifanya hesabu hiyo kuwa kazi ya maisha yake, na akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja kwa sababu yake, hakuwa mwashi wala mfanyabiashara. Alikuwa Singasinga wa Nairobi, mpiga chapa, kwa jina Makhan Singh.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab, sehemu ambayo leo iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi. Mwaka 1920 alivuka bahari kwenda Kenya kufanya kazi ya reli, kama mafundi wengi wa Punjab wa wakati huo: maseremala, waashi, wahunzi. Wao nao walikuwa wamepiga hesabu. Shilingi za Nairobi zilionekana nyingi ukiwa Punjab. Ukishafika Nairobi, ukalipa kodi ya chumba na kununua unga, zilionekana vingine. Tena fundi Mhindi alipata pungufu ya Mzungu na zaidi ya Mwafrika, hata pale walipoinama juu ya kazi moja. Mwajiri hakuhitaji kuwakataza wasiungane, mshahara wenyewe ulishawatenga.

Makhan Singh aliletwa Nairobi mwaka 1927, akiwa na miaka 13. Alisoma shule ya serikali ya Wahindi, akafaulu mtihani wa London mwaka 1931, kisha akaingia katika kiwanda cha uchapaji ambacho baba yake alikuwa amekifungua baada ya kuacha reli. Hapo angeweza kutulia. Mtoto wa mwenye mashine, mwenye elimu, katika mji uliokuwa ukikua, angeishia kuwa tajiri mdogo wa Nairobi na hakuna ambaye angemlaumu.

Machi 1935 akachaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Mwezi uliofuata chama kilibadilisha jina na kufungua milango kwa watu wa rangi zote. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Katika Kenya ya 1935, ambako hata vyoo vilitengwa kwa rangi, lilikuwa jambo zito, na wafanyakazi wenyewe hawakulipokea kwa haraka. Fundi Mhindi aliona Mwafrika akimshushia bei, Mwafrika akaona Mhindi amekalia kiti chake. Makhan Singh aliwajibu kwa hesabu: maadamu yupo wa kulipwa kidogo kwa kazi ile ile, mshahara wa yule anayelipwa zaidi hauko salama. Vikaratasi vya chama vikachapwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo.

Mwaka 1936 chama kilianza kudai siku ya kazi iwe saa nane. Aprili 1937 mafundi wa Nairobi waliweka zana chini, na mgomo ukadumu siku 62. Ikumbukwe kwamba wengi wa wakandarasi waliogomewa walikuwa Wahindi wenzao, watu wanaokutana nao hekaluni na sokoni. Mwishoni waajiri walikubali nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 25, saa nane za kazi, na wagomaji kurudishwa kazini.

Mwaka huo huo chama kikajiita cha Afrika Mashariki. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja, reli ilifika Kampala, na mkandarasi aliyebanwa Nairobi aliweza kutafuta mikono ya bei nafuu kwingine. Fundi anayedai haki upande mmoja wa mpaka tu hudai nusu ya haki.

Upande wa Wabelgiji mambo hayakuwa tofauti sana. Ruanda-Urundi ilitumia faranga ya Kongo, hivyo mtu wa Cyangugu aliyevuka kwenda Bukavu hakuhitaji mbadilisha fedha. Wanyarwanda wengine walipelekwa kwenye migodi ya Katanga. Wengi zaidi walitembea kwa miguu hadi mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, kwa kuwa kule walipata shilingi kuliko faranga walizopata nyumbani. Chama cha Makhan Singh hakikufika kwao.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India, na mwaka uliofuata serikali ya Waingereza huko ikamkamata. Alizuiliwa karibu muda wote wa vita. Aliporudi Kenya Agosti 1947, alikuta Mombasa imeshapita katika mgomo mkubwa wa Januari, na kiongozi wa wafanyakazi Chege Kibachia anakamatwa mwezi ule ule. Makhan Singh naye akaamriwa aondoke nchini. Alikwenda mahakamani, akabaki.

Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu apewe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu katika cheo kile kile. Hapo hesabu ya miaka ya thelathini ilikuwa imeandikwa na serikali yenyewe, kwa nchi zote nne pamoja.

Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa kuwa shirikisho la Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na yeye katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati viongozi wengi bado walikuwa wanaomba viti zaidi barazani. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, siku tisa, na miongoni mwa madai ilikuwa kima cha chini cha shilingi 100 kwa mwezi. Polisi walitumia mabomu ya machozi.

Kesi yake ilisikilizwa Nyeri na jaji Ransley Thacker. Huyu ndiye aliyeongoza baraza lililoamua mishahara ya Mombasa baada ya mgomo wa 1947, na ndiye ambaye baadaye angemhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria. Makhan Singh alikiri waziwazi kwamba yeye ni mkomunisti na kwamba hautambui utawala wa Waingereza. Akapelekwa Lokitaung, kwenye jangwa la kaskazini, kisha Maralal na Dol Dol. Aliachiwa Oktoba 1961. Katika miaka hiyo Kenya ilipita Mau Mau na hali ya hatari, na vyama vya wafanyakazi vikashikwa na kizazi cha Tom Mboya.

Uhuru ulipokuja 1963 hakupewa cheo. Alirudi kwenye makaratasi yake, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, iliyotoka mwaka 1969, yenye tarehe, madai na viwango vya mishahara vilivyopangwa kwa uangalifu wa mpiga chapa. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59.

Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kutafuta kazi nchi nyingine, na mwaka 2022 Kongo nayo ikajiunga. Kima cha chini cha mshahara bado kila nchi hujipangia yenyewe, na fundi wa Gashonga bado hupiga hesabu yake mara mbili.