Mzee Karume na barabara pana za Michenzani

KILA ifikapo Aprili 7, Watanzania hupumzika kazini kumkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hitma husomwa Kisiwandui, mahali alipouawa na alipozikwa, na hotuba za siku hiyo hutaja Mapinduzi, Muungano na ugawaji wa ardhi. Ni nadra kusikia Mzee Karume akitajwa kama mtu aliyeubomoa mji na kuujenga upya, ingawa wanaokwenda kumwombea dua hupita katika barabara alizoamuru zipasuliwe, chini ya majumba marefu ya Michenzani.

Karume alizaliwa Agosti 4, 1905 katika kijiji cha Pongwe, Mwera, nje kidogo ya mji wa Unguja. Hakusoma sana. Akiwa kijana alihamia mjini, na mwaka 1920 hivi akaajiriwa kuwa baharia. Maisha ya melini yalimpitisha katika bandari nyingi za dunia, za Ulaya na za Marekani, na huko ndiko alikoiona miji yenye nyumba za ghorofa walimokaa wafanyakazi wa kawaida. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyezaliwa katika kisiwa ambacho nyumba ya mawe ilikuwa alama ya utajiri, na kibanda cha udongo na makuti kikawa alama ya uchovu wa mpagazi wa bandarini.

Aliporejea nyumbani aliingia katika biashara ya usafiri. Mwaka 1938 aliongoza kuanzishwa kwa ushirika wa wenye mashua za injini zilizokuwa zikibeba abiria kati ya meli zilizotia nanga na ufukwe wa mji. Wasomaji wengi humjua Karume mwanasiasa tu, lakini miaka hiyo ya mashua ndiyo iliyomtengeneza. Kazi ya kuvusha watu humkutanisha mtu na kila tabaka, na humfundisha kupatana na wenzake juu ya zamu na nauli. Jioni alikuwa mtu wa kandanda na vyama vya watu, na kwa njia hiyo jina lake likajulikana mitaani muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye karatasi ya kura.

Mitaa hiyo ilikuwa ya Ng'ambo. Kwa asiyeujua mji wa Unguja, ni vema kueleza kidogo. Mkono wa bahari ulioingia nchi kavu uliutenga Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe ya matajiri na ofisi za serikali, na upande wa pili waliokaa watumwa walioachwa huru, mafundi, wavuvi, wachukuzi na wageni kutoka bara. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, na palipokuwa na daraja la kuvukia pakaitwa Darajani. Mkono huo wa bahari ulifukiwa hatua kwa hatua na daraja halipo tena, ila majina yamebaki, na soko la Darajani lililofunguliwa mwaka 1904 lingalipo.

Kitu kilichowauma watu wa Ng'ambo kuliko matope na giza la usiku kilikuwa kodi ya kiwanja. Mtu aliweza kujenga nyumba kwa jasho lake, akaiezeka na kulea wanawe ndani yake, lakini ardhi chini ya nyumba hiyo ikawa ya mwingine, na kila mwezi akatakiwa kuilipia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakazi walifikia hatua ya kugoma kulipa. Serikali ya Waingereza nayo ilifanya mipango kadhaa ya kuiboresha Ng'ambo. Katika miaka ya 1940 ilijenga jumba la Raha Leo, baadaye makao ya redio. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mitaa ilibaki kama ilivyokuwa.

Februari 5, 1957 Chama cha Afro-Shirazi kiliundwa, na Karume akawa kiongozi wake. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo aligombea kiti cha Ng'ambo na kumshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa Hizbu, kwa kura nyingi. Kwa hiyo, kabla ya kuwa rais wa visiwa vyote, Karume alikuwa mjumbe wa mitaa ile ile ambayo miaka 10 na ushei baadaye angeipelekea makatapila. Mambo yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji kurudiwa kwa urefu: chaguzi za 1961 na 1963, damu iliyomwagika Juni 1961, uhuru wa Desemba 10, 1963, kisha Mapinduzi ya Januari 12, 1964 na Muungano na Tanganyika Aprili 26 mwaka huo huo.

Machi 1964 serikali mpya ilitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya serikali. Mashamba yaligawiwa kwa wakulima, eka tatu tatu. Mjini, tangazo hilo lilimaanisha kuwa mwenye nyumba wa Ng'ambo hakuwa na bwana wa kumlipa tena kodi ya kiwanja. Elimu ikawa bure, matibabu nayo. Lakini Karume hakuridhika kumwacha mkazi wa Ng'ambo katika nyumba yake ya udongo, hata kama kiwanja sasa hakina kodi. Alitaka atoke kabisa humo.

Hapo ndipo Wajerumani wa Mashariki walipoingia. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa serikali za kwanza nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani Mashariki, na nchi hiyo ilijibu kwa misaada, ukiwamo ujenzi wa nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 wataalamu wake wakiongozwa na Hubert Scholz walikamilisha ramani mpya ya mji mzima. Kwa mujibu wa ramani hiyo, Ng'ambo ingeondolewa sehemu baada ya sehemu, na mahali pake yangesimama majengo ya maelfu ya nyumba yenye maji, umeme na vyoo vya ndani. Hayo hayakuwa mawazo ya kigeni katika zama zile. London na Chicago nazo zilikuwa zikivunja mitaa ya zamani ya maskini na kuweka majengo marefu na barabara za magari, na Brasilia ilikuwa imezinduliwa mwaka 1960 ikiwa mji mkuu uliopangwa kwa ajili ya motokaa.

Michenzani ikachaguliwa kuwa moyo wa mji huo mpya. Barabara mbili pana zikapasuliwa katikati ya Ng'ambo, zikakutana kwenye mzunguko mmoja mkubwa, na kando yake yakaanza kuinuka majengo marefu yaliyonyooka kama mabehewa ya treni. Wananchi walifika kufanya kazi ya kujenga taifa: kuchimba, kubeba mawe, kupokezana karai za zege. Wapo waliokwenda kwa moyo wote, na wapo waliokwenda kwa sababu kutokuonekana kungekuwa hatari. Waliovunjiwa nyumba walipewa nafasi katika majengo hayo. Wengine walihamia pembeni ya mji, wakajenga upya nyumba za aina ile ile waliyokuwa nayo.

Mtu hawezi kuandika habari za Mzee Karume akaacha upande huo wa hatari. Katika utawala wake hakukuwa na uchaguzi. Wapinzani waliwekwa kizuizini, wengine waliuawa, wakiwamo waliokuwa wenzake katika harakati, kama Abdallah Kassim Hanga. Mwaka 1970 wasichana wa Kiasia walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, jambo lililoshtua dunia. Biashara iliingia mikononi mwa mashirika ya serikali, na uagizaji wa chakula ulipobanwa ili watu wajitegemee, foleni za mchele na unga zikawa ndefu, ilhali fedha za karafuu zilikuwa zimewekwa akiba nje. Mpango wa mji ulipitishwa katika hali hiyo hiyo. Mkazi ambaye hakutaka nyumba yake ivunjwe hakuwa na diwani wa kumlilia, wala mahakama, wala gazeti.

Hapa mwandishi huyu ana lake la kusema. Dhuluma ya kodi ya kiwanja ilikwisha Machi 1964 kwa karatasi moja iliyotiwa saini. Watu wa Ng'ambo walibaki na mahitaji mengine: maji ya bomba, mifereji ya mvua, taa, njia za kupita gari la wagonjwa. Yote hayo yangewezekana bila kuwaondoa. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na uwanja nyuma. Barazani watu huuza kahawa, huzungumza siasa na kumwangalia mtoto wa jirani, na uani ndiko kunakopikwa na kufuliwa. Ghorofa ya tano haina baraza. Bibi aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni kwake asubuhi akajikuta ana mlango unaofunguka kwenye ngazi. Na kwa wakazi wa ghorofa za juu, maji yalikuwa hayapandi vya kutosha, ikabidi ndoo zipandishwe kwa mikono.

Hata hivyo, itakuwa si haki kumwona Karume kama mtu aliyewachukia watu wake. Aliyekuwa baharia alitaka mchukuzi wa bandari akae juu kama tajiri wa Mji Mkongwe, afungue bomba na kuwasha taa. Wapo wazee waliolia kwa furaha walipokabidhiwa ufunguo, na familia zao zingalimo hadi leo. Majengo yale yalikuwa fahari, na fahari nayo ni haja ya watu walionyimwa kwa muda mrefu.

Jambo la ajabu zaidi ni barabara zenyewe. Zilipasuliwa kwa upana ambao Unguja haikuwa na magari ya kuujaza. Reli ndogo ya Bububu, iliyojengwa mwaka 1905 na kuwapa watu wa mjini usafiri wa abiria, ilikuwa imekufa tangu miaka ya 1920. Watu walikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa magari ya abiria yenye bodi za mbao yaliyokwenda shamba na kurudi. Katika mzunguko wa Michenzani watoto waliweza kucheza bila mzazi kuwa na wasiwasi. Mji ulikuwa umejengewa motokaa kabla motokaa hazijafika.

Mzee Karume hakuona mwisho wa kazi hiyo. Jioni ya Aprili 7, 1972 alikuwa ameketi na wenzake makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui, wakicheza bao, wakati watu wenye silaha walipoingia na kummiminia risasi. Aliyempiga, Luteni Humud Mohamed Humud, naye aliuawa hapo hapo. Karume alikuwa na umri wa miaka 66. Kutoka Kisiwandui hadi kwenye majengo ya Michenzani, ambayo yalikuwa bado yakiendelea kujengwa, ni mwendo mfupi wa miguu.

Alhaji Aboud Jumbe alirithi uongozi na kuendeleza ujenzi katika miaka ya 1970, lakini kwa kasi inayopungua. Fedha zilikuwa chache, bei ya karafuu haikutabirika, na hamu ya kuvunja nyumba za watu ikapoa. Ikabaki msalaba wa barabara mbili na majengo 10 marefu, na nyuma yake Ng'ambo ya zamani, yenye vichochoro na mabati yenye kutu.

Magari yalikuja baadaye. Zanzibar ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, yaliingia magari yaliyotumika kutoka Japani, na daladala zikachukua nafasi ya gari za mbao. Kwa miaka mingi daladala za mjini zilikusanyika Darajani, karibu na soko, kwa sababu abiria alikuwa mnunuzi na mnunuzi alikuwa abiria. Barabara za Karume zikaanza kujaa. Kwenye mzunguko wa Michenzani pakasimama mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, na karibu yake Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ukajenga Michenzani Mall, jengo la maduka ya kisasa la kumpokea anayekuja na gari lake. Darajani nako kumejengwa maduka mapya.

Mkasa huu si wa Unguja peke yake. Katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, mji wa Tunduma umekua kwa kuifuata barabara kuu ya kwenda Zambia, na maduka na malori yanagombania ukingo wake. Chitete, yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, bado ni mahali ambapo mtu anaweza kuuliza kwanza wakazi wanapita wapi kwa miguu na wanauzia wapi, kisha ndipo ramani ichorwe. Ng'ambo haikupata kuulizwa hivyo mwaka 1968.

Iliulizwa miaka mingi baadaye. Kuanzia mwaka 2013, idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi, iliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Walipita mtaa kwa mtaa wakiandika wapi watu hukaa barazani, wapi pana sinema ya zamani, wapi pana mti wa kivuli unaojulikana na kila mtu. Mitaa ambayo ramani ya 1968 ilikusudia kuifuta ndiyo iliyowekwa sasa katika orodha ya vitu vya kulindwa, pamoja na majengo ya Mzee Karume yenyewe, ambayo nayo yamekuwa ya kale.