MAISHA YA LOUIS RWAGASORE

Nilipokaribia kumaliza shule hapa Bujumbura, baba alitaka nikasome sheria, nami nilipenda uchumi. Tulibishana siku nyingi. Jumapili moja akanipandisha kilima cha Vugizo, penye kaburi la Louis Rwagasore, tukakaa tukiutazama mji na ziwa. Niliporudi nilitafuta habari za maisha yake, na hizi ndizo nilizozipata.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari, 1932, mwana mkubwa wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Mwaka 1945 aliingia shule ya Astrida, katika Rwanda, ambako vijana walifundishwa kazi za utawala. Alipomaliza alikwenda Ubelgiji, akasoma kwanza Antwerp, kisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven.

Chuo hicho si cha jana. Kilianzishwa mwaka 1425, na siku za Rwagasore kilikuwa mikononi mwa Maaskofu, si mwa Serikali. Milango ya elimu humo ilikuwa mingi: dini, sheria, uganga, sayansi, lugha. Yeye alishika uchumi.

Mwaka 1956 alirudi nyumbani. Wengi walitazamia akae kwa heshima barazani kwa baba yake. Lakini alishuka Usumbura, ndilo jina la Bujumbura siku hizo, akawaendea wafanya biashara Waafrika, na Waswahili wa mjini wakiwamo. Mwaka 1957 wakaanzisha chama cha ushirika, ili wanunue na kuuza pamoja, wasiwe chini ya wenye mali nyingi. Chama hicho hakikudumu, madeni yalikilemea. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kumjua, naye amewajua.

Basi alipokiongoza chama cha UPRONA kudai uhuru, wakamfuata. Mwishoni mwa mwaka 1960 Wabelgiji walimweka kizuizini, lakini watu hawakumwacha. Tarehe 18 Septemba, 1961, UPRONA ilipata viti 58 katika 64, naye akawa Waziri Mkuu. Hakukaa hata wiki tatu. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Uhuru ulifika tarehe 1 Julai, 1962, yeye hayupo.

Nilimpelekea baba habari hizi, nikidhani nimeshinda shauri. Naye akaniuliza neno moja tu: huo uchumi nitamsomea nani? Sikuwa na jibu. Akaniruhusu, lakini akanitaka nisilisahau swali hilo.

Ndugu zangu mnaochagua masomo mwaka huu, sheria ni njema, uganga ni mwema, na uchumi pia. Lakini kila mmoja wenu ajiulize mapema kuliko nilivyojiuliza mimi: nikirudi, nitashuka kwa nani?