Apolo Kivebulaya wa Mboga, Mlezi wa Wakristo Wachanga

 

Kuna swali linalorudi kila mara katika mikutano ya viongozi wa vikundi vya nyumbani. Nani atawalea waamini wapya, wakati kila mmoja wetu anahangaikia mgao, kadi, karo za watoto na majibu ya safari ya nchi ya tatu? Mwalimu wa wabatizwa akipata safari, anaondoka. Mgao ukipungua, mwalimu mwingine anakwenda kulima kibarua mbali, na darasa linakufa. Ndipo tunasikia watu wakisema kwamba tutatumika vizuri siku tutakapokuwa na usalama. Leo tunawaletea maisha ya mtumishi ambaye hakungoja kuwa na usalama ili awalee wengine. Ni Apolo Kivebulaya, ambaye wazee wetu waliotoka upande wa Ituri wanamjua kama baba wa kanisa la Mboga.

Kijana wa Buganda

Apolo alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864 hivi. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza wa kiume, na mdogo wake akaitwa Kato. Alikulia katika nyakati za machafuko. Dini mpya zilikuwa zimefika katika jumba la mfalme, na mwaka 1888 watu wa dini mbalimbali walianza kupigana wakigombea utawala. Waswa kwanza alikuwa upande wa jeshi la Waislamu. Baadaye aliliacha, akajiunga na Wakristo, akaanza kujifunza kusoma.

Siku zile kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Waliokuja kwa Kristo waliitwa wasomaji, kwa sababu kila aliyetaka ubatizo alifundishwa kwanza kusoma Injili mwenyewe. Waswa alibatizwa mwezi wa Januari mwaka 1895, akachagua jina la Apolo, yule mhubiri tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Bulaya kwa Kiganda ndiyo Ulaya, na walimwita hivyo kwa sababu ya koti jekundu alilolipenda, lililotoka Ulaya.

Alikuwa na mchumba, lakini binti huyo alifariki kabla ya ndoa. Apolo akaamua kutooa. Tangu hapo hakuwa na mke wala mtoto wa kumzaa. Wale aliowafundisha ndio waliokuwa watoto wake.

Kuvuka Semliki

Mwaka 1895 kanisa lilimtuma Apolo kuwa mwalimu katika nchi ya Toro, chini ya milima ya Rwenzori. Mwishoni mwa mwaka 1896 akatumwa mbali zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, mpaka Mboga. Nchi hiyo iko juu ya bonde, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Kongo. Mtawala wake alikuwa Tabaro.

Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia kule. Walinyimwa chakula, wakashindwa, wakarudi. Apolo aliijua habari hiyo kabla ya kuondoka. Kwa hiyo alipofika Mboga hakuketi kungoja kulishwa na mtawala. Alishika jembe akalima shamba lake. Alijenga nyumba ya kusalia kwa miti na nyasi, akakusanya vijana na kuwafundisha herufi. Waliokuja kusoma walimkuta akifanya kazi kama wao, na kile kidogo alichovuna walikula pamoja.

Tabaro alimpokea vizuri mwanzoni, lakini haikuchukua muda kabla hajabadilika. Apolo alifundisha kwamba mume awe na mke mmoja, alikataza ulevi na ibada za pepo, na wazee wa nchi walichukia. Akapigwa. Watu wakakatazwa kumsaidia. Ndipo, mwaka 1898, likatokea jambo baya kuliko yote. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishitakiwa kwamba ndiye aliyemuua. Akafungwa, akapelekwa Fort Portal mikononi mwa wakubwa wa Kiingereza, akatiwa gerezani.

Tutulie kidogo hapa, wapendwa. Wako kati yetu waliowahi kufungwa kwa neno la uongo, na wako ambao mpaka leo jina lao halijasafishwa kule nyumbani. Mtu huyu alikuwa mgeni, hana ukoo pale, hana mali, na mtawala aliyemkaribisha ndiye aliyemshitaki. Kila kitu ambacho mtu hukiegemea kilikuwa kimeondolewa.

Katika siku hizo za mateso Apolo alipata maono, naye aliyasimulia maisha yake yote. Alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Kuanzia hapo watu waliona kwamba hofu ilikuwa imemtoka. Gereza lilikuwa lile lile, na mashitaka yalikuwa yale yale. Lakini Apolo alikuwa amejua nani anayemshika.

Mwisho wa kesi hakupatikana na hatia, akaachiliwa. Sasa angeweza kubaki Toro, mahali palipokuwa na kanisa kubwa na rafiki wengi, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Mboga, kwa sababu kule kulikuwa na wasomaji wachache walioanza tu, na mtoto mchanga haachwi njiani. Naye Tabaro, baada ya muda, aliguswa moyo. Mtawala aliyemtesa akaomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mpaka ulipohama

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi kanisa lilimweka Toro, naye akawa mchungaji wa watu wengi. Alijenga makanisa, alifundisha walimu, akaheshimiwa na wakubwa na wadogo. Lakini moyo wake haukuacha Mboga.

Kisha ukaja mpaka. Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakigawana nchi hizi, na Mboga ilihesabiwa kwanza upande wa Waingereza. Mwishowe ikawekwa katika Kongo ya Wabelgiji. Watu hawakuhama hata hatua moja, lakini waliamka wakiwa nchi nyingine, mbali na kanisa lililowazaa. Sisi tuliovuka mpaka kwa miguu tunajua mpaka unavyotenganisha ndugu. Wao mpaka ndio uliowavuka.

Mwaka 1915 Apolo aliacha heshima yake Toro, akarudi Mboga kuwa pamoja na Wakristo wale. Alikuwa na umri wa miaka kama hamsini na mmoja. Katika umri huo wengi wetu tunatafuta kupumzika, lakini yeye alianza upya. Alilima tena, alijenga tena, na vijana wa Mboga aliokuwa amewafundisha aliwatuma vijijini wakafundishe wengine. Hakujifanya nguzo ambayo ikianguka nyumba yote inaanguka. Kila aliyejua kusoma alipewa mwingine wa kumfundisha.

Ndani ya msitu

Kuanzia mwaka 1921 aliingia kwa Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda ndani ya msitu. Majirani zao waliwaita Mbilikimo na kuwadharau, wakawaona kama watu wasiofundishika. Apolo aliwafuata katika kambi zao. Wambuti huhama wakifuata mawindo, kwa hiyo darasa la leo kesho halipo. Naye akahama nao, akafundisha chini ya miti, akala walichokula. Aliifasiri Injili ya Marko katika lugha yao, ili wamsikie Yesu kwa maneno ya nyumbani kwao. Baadhi yao akawabatiza. Mwaka 1922 kanisa lilimpa cheo cha kanoni, lakini cheo hicho hakikumtoa msituni.

Mnaona, ndugu, kwamba kulea kiroho kwa Apolo hakukuwa mahubiri ya Jumapili tu. Kulikuwa kutembea, kulima, kukaa na mtu mmoja mpaka ajue kusoma mstari wake wa kwanza. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba aliwapa zaidi ya ujumbe, aliwapa na maisha yake pia (1 Wathesalonike 2:8). Ndivyo alivyofanya mtu huyu wa Buganda kwa watu wasiokuwa kabila lake wala lugha yake.

Kichwa kuelekea msitu

Alipougua sana alitaka kufia Mboga, kati ya watoto wake wa kiroho. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza jambo moja juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea nyumbani kwao, na kwao Apolo kulikuwa mashariki, Buganda. Yeye aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya Injili kule ilikuwa haijaisha. Hata kaburini hakutaka kuwapa mgongo wale ambao bado hawajafikiwa.

Kanisa alilolilea halikufa pamoja naye. Mwaka 1972 Mboga, ambayo sasa huandikwa Boga, ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa Anglikana lilipata jimbo lake lenyewe katika nchi yetu ya Kongo. Mizizi yake iko katika shamba lile la Apolo.

Hatutaki kuwaficha wapendwa kwamba nchi hiyo imepata machozi mengi. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, miaka 88 kamili tangu Apolo afe, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50. Wengi walikimbia. Je, hiyo ina maana kwamba usalama katika Mungu ni maneno matupu? Apolo mwenyewe angetujibu kwa maisha yake. Mungu hakumzuilia fimbo wala gereza. Alichopewa ni Bwana kuwa pamoja naye ndani ya mambo hayo, kama Zaburi ya 46 inavyotufundisha kwamba Mungu ndiye kimbilio hata nchi ikitikisika. Waliokimbia walikimbia na imani yao, kwa sababu walilelewa wakaijua wenyewe. Imani ya namna hiyo haiunguzwi pamoja na nyumba.

Tujifunze nini

Kwanza, tusingoje usalama ndipo tutumike. Mtawala alibadilika, mpaka ulihama, mchumba alikufa, chakula kilizuiliwa. Kama Apolo angeegemea kimojawapo cha hivyo, angerudi kama wale wawili wa kwanza. Aliyeshikwa na Mungu ana mikono miwili huru ya kuwashika wengine.

Pili, mwalimu ashike jembe. Hatusemi kwamba kanisa lisimsaidie mwalimu wake. La, tumsaidie. Lakini darasa la wabatizwa lisifungwe kwa sababu mgao umepungua. Kikundi kikilima pamoja bustani ndogo ya mchicha na maharage, mwalimu na mwanafunzi watakula wote.

Tatu, kila mlezi aandae mlezi mwingine. Ndugu akipata safari tunashukuru Mungu pamoja naye. Lakini asiondoke kabla hajamkabidhi mwingine daftari la darasa, majina ya waamini wapya, na shida zao anazozijua.

Nne, tuwafuate wanaodharauliwa. Hapa makazini pia kuna watu ambao hakuna kikundi kinachowatembelea, kwa sababu ya kabila lao, au ugonjwa, au lugha. Hao ndio msitu wetu.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Someni Zaburi 46 na 1 Wathesalonike 2:1-12. Ni mambo gani yanayotutikisa hapa, na Mungu yuko wapi ndani yake?
2. Taja mwamini mpya mmoja aliye karibu na nyumba yako. Nani anamlea? Kama hakuna, nani kati yetu atakwenda kwake juma hili?
3. Ukiondoka kesho, nani ataendeleza kazi yako?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyesimama na mtumishi wako gerezani, simama nasi chini ya turubai zetu. Utupe moyo wa kulea bila kuhesabu hasara. Uwashike wachanga wako mahali popote watakapotawanywa. Amina.