Kaab bin Malik na Kesho Isiyofika

Mtu akikosea, ulimi wake huwa mwepesi kutafuta wa kutwikwa kosa. Hulaumu wakati, hulaumu wenziwe, na hayo yakimshinda husema ndiyo kadari. Basi natutazame maisha ya Sahaba mtukufu Kaab bin Malik, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi.

Kaab alikuwa Ansari wa Madina, wa ukoo wa Bani Salima katika Khazraj. Alikuwamo katika waliofunga ahadi na Mtume (S.A.W.) Akaba, kabla ya Hijra ya mwaka 622. Yeye na Hassan bin Thabit na Abdullahi bin Rawaha ndio washairi walioutetea Uislamu kwa ndimi zao. Aliyekosea, basi, hakuwa mnafiki wala mjinga.

Mwaka wa 9 wa Hijra (630) Mtume alitangaza safari ya Tabuk. Jua lilikuwa kali, mwendo ni mrefu, na matunda ya Madina yamewiva. Kaab hakupungukiwa na kitu: siku zile alikuwa na ngamia wawili, jambo ambalo halijampata kabla yake. Kila asubuhi alitoka kwenda kujitayarisha, akarudi hakufanya lolote, huku akijituliza nafsi kuwa uwezo anao na wakati ungaliko. Jeshi likaondoka, akanuia kulifuata baada ya siku moja au mbili. Hakulifuata. Akawa akitembea mjini haoni ila wanaotuhumiwa unafiki, na wanyonge wenye udhuru.

Tuzingatie hapa, ndugu zangu. Hapana siku hata moja ambayo Kaab alikata shauri kumwasi Mtume. Kosa lake lilijengwa kidogo kidogo, kwa kesho baada ya kesho, na kila kesho peke yake ilionekana haina dhara. Uwezo uleule aliokuwa nao ndio uliomghuri.

Mtume aliporejea, watu zaidi ya 80 walimjia na nyudhuru na viapo, naye akawapokelea ya dhahiri, ya siri akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaab, bingwa wa maneno, angaliweza kutunga udhuru mzuri kuliko wote. Hakutunga. Alikiri mbele ya Mtume kuwa hakuwa na udhuru wowote. Jamaa zake wakamlaumu kwa ukweli huo hata akakaribia kurudi kujikanusha, lakini akathibiti alipojua kuwa wema wawili, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, wamesema kama yeye.

Watu wakakatazwa kusema na hao watatu. Kaab alihudhuria sala na kupita sokoni, wala hakuna aliyemjibu. Aliparamia ukuta wa shamba la binamu yake Abu Katada, akamsalimu, asiitikiwe. Ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan ikimwita kwake kwenye heshima, akaitia tanuuni. Baada ya siku 40 akaamrishwa ajitenge na mkewe, naye akatii. Alfajiri ya siku ya 50, akiwa juu ya nyumba yake, akasikia sauti kutoka mlima wa Sal-i ikimbashiria toba. Khabari yao imo katika Sura ya Tawba, aya ya 118.

Kaab aliishi hata akawa kipofu, akiongozwa na mwanawe Abdullahi, ambaye ndiye aliyetupokelea kisa hiki kutoka kinywani mwa babake.

Joto lile lilikuwa la watu wote, na tende zilikuwa za watu wote, na walio wengi walikwenda. Sababu hutueleza kosa lilivyoingia. Haimwondolei mwenyewe dhima yake. Na lau Kaab angaliitupa dhima hiyo kwa jua au kwa kadari, angalikuwa na kitu gani cha kutubia? Basi kila mmoja wetu aitazame kesho yake, tangu leo.