Robert Koch alipopanda Usambara na kusikia habari za mbu

Kila tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, redioni tunazungumzia kikohozi kisichopona, kupima makohozi na kumaliza dozi. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Siku kama hiyo mwaka 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch aliwaeleza wenzake kwamba amekigundua kimelea kinacholeta TB. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba daktari huyohuyo alifika katika milima yetu ya Usambara, na kwamba alichoambiwa na wenyeji kiliingia katika ripoti zake.

Koch naye alikuwa mtu wa milimani. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, kwenye nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alifanya kazi migodini. Alisomea udaktari Göttingen, akamaliza mwaka 1866, na baadaye akapelekwa kuwa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikuwa na hadubini, kile chombo cha kuonea vitu vidogo sana, aliyopewa na mkewe Emmy. Kwa hadubini hiyo, baada ya kuhudumia wagonjwa wa mchana, alichunguza damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba kimeta huletwa na bakteria wa aina moja tu, na kwamba mbegu zake hukaa ardhini muda mrefu zikisubiri mnyama mwingine. Mfugaji anayekatazwa leo kuchuna ng'ombe aliyekufa ghafla anakatazwa kwa sababu hiyo.

Sifa zikamfikisha Berlin. Ikafuata TB, kisha kipindupindu, ambacho alikifuata Misri na India mwaka 1883 na 1884. Mwaka 1890 alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wakamiminika, wakadungwa sindano, hawakupona, na wengine wakafa. Dawa hiyo ilibaki baadaye kuwa kipimo tu. Tunaitaja kwa sababu haraka hiyo ilijitokeza tena Afrika.

Mwaka 1896 aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka uliofuata alikwenda India kutazama tauni, na kutoka huko akaja Dar es Salaam. Nchi yetu wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Tuseme wazi: hakuletwa kwa ajili ya mkulima wa Mlalo au Bumbuli. Homa ilikuwa inawaua maofisa na walowezi, na serikali yao ilitaka kujua kama kuna mahali pa juu ambapo Mzungu anaweza kuishi bila malaria. Ndiyo maana akaja Usambara Magharibi, katika milima hii ambamo Wajerumani walijenga mji waliouita Wilhelmstal, Lushoto ya leo.

Akakuta watu wa mlimani hawana homa. Lakini Mshambaa aliyeteremka nyika, kwa biashara au kazi ya mashamba na reli, alirudi akiwa mgonjwa. Wenyeji walijua hivyo tangu zamani. Kwa Washambaa, mlima na nyika ni nchi mbili tofauti, na kulala nyika lilikuwa jambo la kuogopwa. Koch alipouliza sababu, aliambiwa kwamba huko chini kuna wadudu wanaouma watu na kuwatia ugonjwa. Mdudu ni mbu. Na ugonjwa? Nao waliuita mbu.

Tukumbuke ni wakati gani huo. Agosti 1897, daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alikuwa ndiyo kwanza ameviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Madaktari wengi wa Ulaya bado waliamini homa inatokana na hewa chafu ya mabwawa. Koch alikuwa ameshamshuku mbu kabla ya kuja huku, kwa hiyo maneno ya wenyeji hayakumpa wazo jipya, ila yalimtia nguvu, naye akayaandika katika ripoti zilizochapishwa mwaka 1898. Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Washambaa waliomweleza Koch hawakuandikwa hata majina, na sisi tunaona hilo ni deni.

Safari hiyo iliacha swali jingine. Kwa nini mtu mzima wa Pwani anaumwa na mbu kila usiku na haangushwi na homa kama mtu wa mlimani? Je, amezaliwa na kinga au ameipata kwa kuugua mara nyingi? Koch alipochunguza damu za watu New Guinea mwaka 1900, alikuta vimelea vingi kwa watoto wadogo na vichache kwa wakubwa. Akasema kinga hupatikana kwa kuugua utotoni. Alikuwa sahihi, lakini kwa nusu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba kuna kinga ya kurithi pia. Mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hulindwa dhidi ya malaria kali. Akikirithi kwa wazazi wote wawili, anaugua selimundu yenyewe, kwa sababu protini inayobeba hewa katika damu yake imebadilika na chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu.

Koch alirudi kwetu mwaka 1905, na sehemu ya kazi yake aliifanya Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walikuwa na kituo cha utafiti tangu 1902. Safari hii alifuata homa inayokuja, inaondoka, halafu inarudi. Alichimbua vumbi kavu la sakafu za vibanda walimolala wapagazi katika njia za misafara, akapata papasi. Aliwapasua, akaona vimelea vya homa hiyo hata ndani ya mayai yao. Maana yake papasi huzaliwa tayari ana ugonjwa, hata kama hajawahi kumuuma mgonjwa. Watafiti Waingereza waliokuwa Kongo walimgundua papasi huyo wakati uleule. Desemba mwaka huo Koch akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako malale ilikuwa imeua watu wengi mno. Huko alidunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Ugonjwa uliporudi akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini na mamba wauawe, kwa kuwa mbung'o hunyonya damu yao. Wagonjwa wa Sese hawakuwa na pa kulalamika. Wale wa Berlin wa mwaka 1890 angalau waliandikwa magazetini.

Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi ya Berlin inayoitwa kwa jina lake. Kituo cha Amani kiliendelea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilikuwa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, na kazi hiyo leo iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo Muheza.