Kakai Kilonzo, Mpiga Gita wa Kilimambogo

Machakos ina mlima uitwao Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wengi huujua zaidi kwa jina la Kilimambogo, kwa ajili ya mbogo waliomo msituni mwake. Huko Kilimambogo ndiko alikozaliwa marehemu Kakai Kilonzo, mwaka 1954, na bendi yake aliipa jina la kwao: Les Kilimambogo Brothers. Hiyo "Les" ni ya Kifaransa. Bendi za Kongo zilikuwa zikivuma mno siku hizo, na wengi walipenda kujitia Kifaransa kidogo.

Nikiri mapema kwamba nilichelewa kumpenda. Nilikuwa mtoto wa chuo huko pwani, nikirudi nyumbani na juzuu yangu kifuani, nilipomsikia mara ya kwanza katika Sauti ya Kenya. Wakubwa zetu walicheka. Kile kilikuwa Kiswahili cha bara, na sisi tuliolelewa kwa vina na mizani tulidhani lugha ni milki yetu. Nami nikacheka pamoja nao.

Muziki wake ulikuwa benga. Asili ya benga ni Uluo, ambako vijana waliuhamishia kwenye gita mpigo wa nyatiti. Wakamba wakaupokea na kuufanya wao: magita mawili yakijibizana, besi ikikimbia chini yake, waimbaji wakiitikia kwa sauti zilizoshikana. Wakati huo nyimbo zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Aghalabu wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili; kisa kikaimbwa upande wa kwanza, na upande wa pili magita yakaachiwa uwanja. Ukigeuza sahani ndipo utakapojua mpigaji ni nani.

Alianza kurekodi katika miaka ya 1970, kwa Kikamba. Angeweza kubaki hapo, kwani Machakos na Kitui zilimtosha, pamoja na Wakamba waliotawanyika Nairobi na Mombasa kutafuta riziki. Lakini aliingia pia katika Kiswahili, akaimba mambo ya watu na maisha yao ya kila siku, na hapo akasikilizwa na Wakenya wa kila kabila. Wengi wao Kiswahili chao kilikuwa kama chake. Mashairi yetu mazuri yalibaki barazani, nyimbo zake zikapanda matatu.

Kakai alifariki mwaka 1987, hata miaka arubaini hakuitimiza.

Juzi nilikuwa Machakos mjini. Dukani kwa kinyozi magita yale yakaanza kulia, na kijana aliyekuwa akinyolewa, ambaye Kakai alikufa kabla yeye hajazaliwa, alikuwa akiimba maneno yote. Kinyozi alimwambia atulize kichwa. Hakutulia.